Shamba la Ukingoni mwa Hori

Nilipostaafu kufundisha hisabati Samail, mke wangu aliniacha nipumzike mwezi mmoja, kisha akaniambia kwamba tunahamia kwao Sur, pwani ya Oman. Hakuniuliza. Yeye ni muuguzi, na amezoea kumweleza mtu jambo lililokwisha kuamuliwa kwa sauti ya upole, hata mtu akadhani kalitaka mwenyewe. Mama yake alikuwa akiishi peke yake huko tangu afiwe na mumewe, magoti yameanza kumsumbua, na kulikuwa na shamba la marehemu ambalo halikutazamwa na mtu kwa miaka minne.

"Si unapenda mitende?" akaniambia.

Kweli naipenda. Nilizaliwa Tabora, katika ukoo uliotoka Ibra zamani, nikaletwa Oman na wazazi wangu nikiwa na miaka kumi, nikakulia Samail karibu na nyumba ya ami yangu. Ami alikuwa na mitende thelathini na zamu yake ya maji ya falaj, ule mfereji unaoleta maji kutoka milimani na kuyagawa shamba kwa shamba. Kila zamu yetu ilipofika nilikwenda naye kufungua na kuziba vijifereji kwa tope na matambara. Maji yalikuwa machache na kila mtu aliyajua yake kwa dakika. Nilikua nikiamini kuwa mkulima ni mtu anayeyatafuta maji. Kwamba anaweza pia kuwa mtu anayeyafukuza, hilo sikulijua mpaka nilipofika Sur nikiwa na mvi.

Shamba lenyewe liko nje ya mji, kati ya barabara ya lami na hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu na kujaa na kupwa pamoja nayo. Ukitoka barabarani unapita migunga michache, kisha ukuta wa matofali, kisha safu za mitende zinazoteremka kwa mteremko mdogo ambao jicho halioni. Mwisho wa mitende kuna uwanda mweupe wa chumvi, halafu tope, halafu vichaka vya kijani vilivyosimama ndani ya maji.

Siku ya kwanza tulikwenda watatu, maana mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Tulisimamisha gari langoni, akafungua mlango, akakaa vivyo hivyo miguu nje, akivuta pumzi. Mbele yetu sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imelala ndani ya maji yaliyotuama, yenye utando wa kijani. Mitende iliyosimama humo ilikuwa imepiga rangi ya njano mpaka moyoni. Ile ya chini, upande wa bahari, mingi ilikuwa imebaki vigogo tu, haina vichwa.

Nikasema hapa pameshakuwa mbuga. Mama mkwe akageuka kunitazama.

"Mbuga ya ndovu?"

Nikamweleza kuwa kwetu Tabora mbuga ni ile ardhi nyeusi ya chini, inayotuama maji wakati wa mvua na watu wakalima mpunga. Akacheka, akasema hilo linaitwa bonde, na kwamba Kiswahili cha bara kinamshinda tangu siku niliyokwenda kuposa. Yeye alizaliwa Unguja, akalelewa na bibi yake mzaa mama aliyekuwa na vipande vya mpunga bondeni, na mpaka alipoondoka kisiwani akiwa msichana, kila mwaka alikuwa akiingia matopeni na wanawake wenzake, kanga imekazwa kiunoni. Sur alikuwa amekaa zaidi ya miaka hamsini, lakini shamba hili alilijua kwa kusikia tu. Marehemu mumewe aliona si mahali pa kumpeleka mke, kuna mbu na tope. Nafikiri hakujua vizuri kaoa nani.

Nilipovionyesha vile vichaka vya majini nikaviita mikoko, akanisahihisha tena.

"Ule mchu, mwanangu. Mkoko una miguu ya mizizi."

Nilifanya kazi ile kama nilivyofanya kila kazi maishani mwangu, kwa daftari la viboksi. Nilinunua mpira mwembamba unaoonyesha maji, nikaujaza, nikapima mwinuko kutoka langoni mpaka penye tope, hatua kwa hatua, siku tatu mfululizo. Hesabu zilinionyesha kuwa sehemu ya juu imeinuka kuliko tope kwa karibu urefu wa mkono wangu. Kwa hiyo maji yalikuwa na pa kwenda, ila kitu fulani katikati kiliyazuia. Nikachora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye dimbwi mpaka hori. Huo ndio ungekuwa mtaro wangu.

Jioni nilimwonyesha mama mkwe mchoro ule, kwa heshima zaidi kuliko kutaka ushauri. Aliuweka karibu na macho, akaufuata mstari kwa kidole, akaniuliza mtaro huo una mlango gani. Nikamwambia hauhitaji mlango, maji yanateremka yenyewe. Akanirudishia daftari, akaendelea kuchambua mchele.

Katapila lilikuja Jumatatu. Lilianzia upande wa bahari, na mpaka adhuhuri lilikuwa limeshakata uwanda wa chumvi na kuingia kwenye mitende. Hapo likagonga kitu. Dereva alishuka, nami nikashuka shimoni kutazama. Palikuwa na magogo ya mitende, meusi, mazito, yamelala chini ya udongo kwa kina cha mtu aliyechuchumaa. Tuliyang'oa manane, tukayatupa kando ya ukuta, na kazi ikaendelea. Nilidhani ni takataka za mafuriko fulani ya zamani.

Alasiri mke wangu alimleta mama yake kuona. Mama mkwe hakutazama mtaro. Alikwenda moja kwa moja kwenye magogo, akayagusa kwa fimbo yake moja baada ya jingine, kisha akachungulia shimoni ambako ncha za mengine zilikuwa bado zimetokeza pande zote mbili.

"Haya hayakuanguka," akasema. "Yamelazwa."

Nikamjibu kuwa maji ya wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani, yakishuka kwa nguvu huweza kupanga magogo sambamba, nimewahi kuona Samail. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho, Samail wala kwingine. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwalimu," akarudi garini.

Mtaro ulifanya kazi. Usiku na mchana maji yalitiririka kwenda hori, na siku ya tatu dimbwi lilikuwa limekwisha, imebaki ardhi laini yenye nyufa na harufu ya yai bovu. Nilipiga picha, nikazituma kwa ndugu zangu wote wa Samail na Nizwa. Nilikwenda Jalan Bani Bu Hassan kuchagua miche ishirini ya mitende, nikaipanda kwa mikono yangu katika safu iliyonyooka, kila mche na beseni lake la udongo. Mke wangu aliniambia kuwa hajaniona nikila vizuri vile tangu tuoane.

Tuliendelea na furaha hiyo kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Baada ya kunywa chai tulikwenda shambani sote watatu, na mama mkwe akatangulia na fimbo yake wakati mimi nikifunga lango. Nilimkuta amesimama katikati ya miche yangu.

"Njoo uwaone wageni wako," akaniambia.

Walikuwa kaa. Kaa wadogo, wa kahawia, gando moja kubwa na jingine dogo, wamejaa kwenye mabeseni ya mitende yangu na kila mmoja keshachimba nyumba yake. Maji yalikuwa yamefika kifundoni, yametulia, masafi hata unaona chini. Niliinama, nikachovya kidole, nikaonja. Bahari tupu.

Nilikuwa nimesahau bamvua. Mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa kupita kawaida yake, na hori hujaa nayo. Nilipopima, maji yalikuwa mafu, yale yasiyopanda sana wala kupwa sana, na mimi nikadhani ule ndio mwisho wa bahari. Miaka thelathini na moja niliwafundisha watoto wa watu kuchora mawimbi yanayopanda na kushuka kwa vipimo sawasawa. Nilikuwa nimeipima ardhi kwa makini, bahari sikuipima. Maji yale yaliingia kwenye mtaro wangu ulionyooka, bila mlango, yakapanda mpaka kwenye miche.

Niliona haya kiasi kwamba nilijifanya nashughulika na viatu vyangu. Nilimngojea mama mkwe aseme neno. Aliniuliza tu yale magogo manane bado yapo au yamechukuliwa. Nikamwambia yapo. Akasema vizuri, yasiguswe, na kwamba yeye na binti yake wanakwenda kumsalimia jirani.

Jirani yetu ni mwanamke wa Kibedui, mjane, rika moja na mama mkwe au kumzidi kidogo. Shamba lake linapakana na letu, naye hufuga mbuzi na kulima majani ya kuwalishia. Tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Siku ile nilikwenda nyuma ya wanawake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, tukakaa kwenye mkeka chini ya kibanda chake cha makuti, akatutolea tende na kahawa. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, kwa Kiarabu chake ambacho baada ya nusu karne bado kina mwendo wa Unguja. Aliuliza nani aliyelaza magogo chini ya shamba letu.

Jirani akashangaa kuwa hatujui. Ni baba yake, akasema, yeye pamoja na babu wa mke wangu.

Alitusimulia kuanzia mwanzo, huku akikwangua mashapo ya kahawa kwa kidole kwenye kikombe chake. Alipokuwa mtoto hapakuwa na shamba pale kabisa. Bahari iliingia mpaka zilipo sasa nyumba za karibu na barabara, na wadi ilishuka kutoka milimani kila ilipotaka, ikitapakaa kama maji yaliyomwagwa kwenye sahani, haina njia moja. Mwezi wa joto kali uwanda ulikauka, na mama yake pamoja na wanawake wengine wakaja kukwangua chumvi ya kutia samaki. Ngamia walikula majani ya mchu. Miti ya mchu yenyewe ilikatwa kwa kujengea na kuchomea chokaa, ikakatwa hata ikabaki ya kuhesabu.

Kisha wazee wale wawili wakaamua kuipokonya bahari kipande. Walikuwa na vigogo vya mitende iliyokufa kwa ukame. Wakavilaza viwili viwili kutoka kwenye mwinuko huu mpaka ule, wakajaza tope na mawe juu yake, wakapata tuta linalofika kifuani pa mtu. Katikati waliacha nafasi ya mlango mmoja tu wa ubao. Bahari ikijaa wanafunga, ikipwa wanafungua. Na wadi iliposhuka, hawakuikinga. Waliifungulia upande wa juu, ikaingia na tope lake jekundu, ikakaa siku mbili tatu nyuma ya tuta, tope likazama, maji yaliyobaki yakatolewa baharini. Walifanya hivyo miaka mitatu bila kupanda kitu. Mwaka wa nne wakapanda mitende, na akina mama wakanung'unika kuwa chumvi yao imekwenda.

Baadaye zikaja pampu. Kila mtu akachimba kisima, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi, baba mkwe wangu akapanda mitende hata nje ya tuta, upande wa bahari. Mlango wa ubao ukaoza, hakuna aliyeujali. Visima vikaanza kutoa maji ya chumvi. Barabara ikapita, na maji ya wadi ambayo zamani yalitapakaa sasa yakapita kwenye makalvati machache chini yake kwa kasi. Mafuriko fulani makubwa yalileta udongo mwingi hata tuta likafunikwa, watu wakasahau kama liliwahi kuwapo.

Nikaelewa hapo. Tuta lile lililozikwa ndilo lililokuwa likiyazuia maji matamu yasiende hori, na ndilo hilo hilo lililokuwa likiizuia bahari isipande shambani. Mimi nililitoboa kwa katapila.

Njiani kurudi mke wangu, anayeendesha gari vizuri kuliko mimi, aliniwekea mkono begani bila kuondoa macho barabarani. Mama mkwe alizungumza kutoka kiti cha nyuma.

"Bondeni kwetu kila mwaka kuna mtu alikuwa akitoboa tuta la mwenzake," akasema. "Tunaliziba, tunakula wali."

Tulianza Jumapili. Jirani alitupa wafanyakazi wake wawili kwa asubuhi nne, nasi tukayarudisha magogo shimoni kwa kamba, moja moja. Mama mkwe aliletewa kiti cha plastiki na mwavuli, akatuelekeza. Tope la kuzibia hakutaka lichukuliwe popote. Alitaka lile la kijivu linalonata, la karibu na mchu, na alitaka likanyagwe kwa miguu kabla ya kuwekwa. Mimi nilikanyaga. Mke wangu alivua soksi, akapandisha suruali, akaingia pia, na tulicheka kama watu waliokosa adabu. Kazi ilituchukua wiki mbili.

Kuhusu mlango hatukukubaliana mara moja. Nilitaka kutumia bomba pana la plastiki linalopita chini ya tuta, na mwisho wake upande wa bahari kibao chenye bawaba. Maji ya bahari yakija, kibao kinajifunga chenyewe. Maji ya shamba yakisukuma, kinafunguka. Nilikuwa na mchoro. Mama mkwe alisema atafurahi kukiona kikifanya kazi. Kilifanya kazi siku tano, kisha jani moja la baharini likakwama kwenye bawaba na kibao kikabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Kwa bahati yalikuwa maji mafu. Yeye akaagiza gunia lijazwe tope, lifungwe kamba, likaingizwa kwenye bomba kama kizibo. Mpaka leo tunatumia vyote viwili. Kibao kinafunga, na gunia linakaa tayari kwa siku za bamvua, na jedwali la kujaa na kupwa limebandikwa kwenye mlango wa friji kati ya miadi ya hospitali ya mama mkwe na orodha ya vitu vya dukani.

Ilibaki chumvi. Bahari ilikuwa imekaa kwenye udongo mara moja tu, lakini ilitosha. Miche yangu kumi na minane kati ya ishirini ilikuwa imekauka ncha. Hapa ndipo Samail iliponifaa. Niligawa sehemu ya juu katika mabeseni madogo ya matuta, kama ami alivyokuwa akifanya, na nikawa nayajaza kwa zamu maji ya bomba la mji, beseni moja kwa siku, yakae, yazame, kisha yatoke kwa mtaro bahari inapopwa. Nilikuwa nikiyaonja yale yanayotoka. Mke wangu alinikataza, akasema kuna vifaa vya kupimia. Nikanunua kifaa, na nikaendelea kuonja.

Wakati huo mama mkwe alitoa ombi lake la pekee. Jamaa mmoja alikuwa anakuja kutoka Unguja, naye alimtaka amletee mbegu za mpunga, kiasi cha viganja viwili. Nilimwambia kuwa udongo bado una chumvi. Akasema anajua. Tukampa beseni la karibu na lango, lililooshwa kuliko yote. Aliotesha mbegu kwenye sinia lenye kitambaa kibichi jikoni, na zilipokuwa na urefu wa kidole alikwenda kuzipandikiza mwenyewe, ameinama, mimi nimemshika kiuno kwa nyuma kwa kanga ili asianguke. Mkwe hashikwi hivyo.

Mpunga ulisimama wiki tatu, wa kijani kibichi ambacho sijakiona mahali pengine Oman. Wiki ya nne ncha zikaungua. Wiki ya sita ulikuwa umelala wote, na maji ya beseni lile yalipopimwa yalikuwa na chumvi iliyopanda kutoka chini. Nilikuwa na maelezo mengi ya kumpa. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiutazama, akasema kwamba alitaka kuunusa tu ukichanua. Nilikaa chini kando yake, juu ya tuta. Akaniambia nipande mchicha pale, mchicha hauna makuu. Nikapanda. Ulikubali.

Mwezi wa pili wa baridi wadi ilishuka. Mvua ilinyesha milimani siku mbili, sisi tuliona mawingu tu. Asubuhi jirani alipiga simu kwa mke wangu kuwa maji yameshapita kalvati la juu na yanakuja. Tulifika tukayakuta yanaingia kwenye korongo la kando ya ukuta wetu, mekundu, yanaviringisha matawi. Mimi nilikuwa nimeshalijaza korongo lile mifuko ya mchanga, kuyazuia yasiingie shambani. Nilisimama pale nikiwa nimeridhika na kinga yangu.

Mke wangu akasema tufungue.

Nikamkumbusha mabeseni, miche mipya, mchicha. Nikamwambia kuwa yakiingia kwa nguvu yatachukua kila kitu, na kwamba kazi ya miezi mitano inaweza kwenda kwa saa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa wasiotaka sindano.

"Babu yangu aliyafungulia," akasema. "Toa mifuko mitatu tu. Tutazame."

Nilitoa mitatu. Maji yakaingia kwa upole kuliko nilivyodhani, yakajaza beseni la kwanza, yakafurika kwenda la pili. Nilikimbia toka tuta moja mpaka jingine kwa koleo, nikifungua hapa na kuziba pale, na katikati ya kukimbia huko niligundua kwamba nafanya kazi ya falaj. Mikono ilikuwa inaijua. Tofauti ni kwamba maji haya hayakuwa na dakika. Tulitoa mifuko mingine miwili. Adhuhuri sehemu yote ya juu ilikuwa ziwa jekundu linalofika magotini, na tuta la wazee wale lilikuwa limeyashika. Lilivuja mahali pawili, tukaziba kwa tope. Mama mkwe, aliyekuwa garini kwa amri ya binti yake, alikuwa akipiga honi kila alipoona mvujo ambao sisi hatujauona.

Tuliyaacha siku tatu. Siku ya nne bahari ilipopwa nikavuta gunia, na maji yakatoka mekundu kidogo, kisha ya kahawia, kisha karibu maangavu. Nyuma yake yaliacha tope laini, unene wa vidole viwili, kwenye kila beseni. Mchicha ulizikwa. Miche sita ililala, tukaisimamisha. Kifaa cha kupimia chumvi kilionyesha namba ndogo niliyoirudia mara nne kwa kutoiamini. Masika iliyofuata mitende ya zamani ya juu, ile ya njano, ilitoa makuti mapya katikati, ya kijani, yaliyosimama wima.

Ile ya nje ya tuta sikuiponya. Nilitaka. Kulikuwa na mitende ishirini na saba upande wa bahari, aliyoipanda baba mkwe wangu kwa maji ya pampu, mingi vigogo, michache yenye vichwa vidogo. Niliwahi kuchora tuta la pili la kuizunguka. Mama mkwe, ambaye ndiye mwenye haki ya kuililia, alisema mumewe alikuwa mtu mzuri lakini alikuwa hatosheki, na kwamba pale aliomba zaidi ya alichopewa. Nikaliweka daftari kando. Tukaondoa vile vigogo vilivyo karibu kuanguka, tukavitumia kunenepesha tuta lililopo, tukaiacha bahari ije na kurudi.

Hatukupanda kitu huko. Mwaka wa kwanza paliota nyasi nene za chumvi, zinazokatika kama biskuti ukizikanyaga. Mwaka wa pili nikaona vijiti vya kijani vyenye majani mawili mawili vimejisimamisha kwenye tope, hamsini au zaidi: mchu, uliojileta kwa maji. Samaki wadogo waliingia kwenye vidimbwi. Wakati wa baridi heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, walishuka, kumi na mmoja, wakawa wanakoroga tope kwa midomo yao iliyopinda, na mbuzi wa jirani walisimama ukingoni wakiwatazama. Jirani alisema panaanza kufanana na alipokuwa mtoto, ila chumvi hakuna wa kuikwangua tena, na yeye mgongo haumruhusu.

Binti yetu anafanya kazi Nizwa. Anakuja Ijumaa moja kwa mwezi, na hupenda kukaa juu ya tuta akiwa kavua viatu. Safari moja aliniuliza kwa nini upande mmoja "maji yake imejaa" na upande wa pili ni kavu. Bibi yake alimsahihisha maji kwanza, mara tatu, mpaka akasema "yamejaa". Kisha akamweleza mwenyewe, tangu wanawake wa chumvi, kupitia magogo, pampu, barabara, mpaka mtaro wa baba yake. Mtaro wa baba yake aliueleza kwa kirefu. Nilikuwa nikimenya machungwa na sikuwa na haja ya kujitetea.

Mwaka huu tumevuna tende kwenye mitende kumi na tisa ya juu, si nyingi, za kula na kugawa. Bahari nayo inaonekana kupanda kidogo kila mwaka, au tuta linashuka, au yote mawili. Sijajua bado, nimeanza kuweka alama kwenye nguzo. Kwa hiyo kila baada ya Ramadhani tunaongeza udongo juu. Safari hii tulikwenda asubuhi mapema kabla ya jua kuchoma, mke wangu na chupa ya chai, mimi na toroli, mama mkwe na kiti chake. Nilifanya kazi mpaka shati likalowa, nikalitazama tuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, likanipendeza. Nikamuuliza mama mkwe analionaje.

"Zuri," akasema. "Ila upande wako umelala."

Nikainama, nikafumba jicho moja, nikatazama. Kweli ulikuwa umelala kidogo. Nikanywa chai yangu, nikasukuma toroli kwenda kuchukua udongo mwingine.